Msiba wa mjomba ambaye sina

Yule mama alitua dumu la mawese chini, akavua ngata kichwani, akaikung'uta kwenye paja, akaniangalia taratibu kuanzia raba mpaka kofia. Saa saba mchana, njia ya miguu ile unayoingia ukiacha lami baada ya Buzebazeba, michikichi kushoto, muhogo kulia, na hakuna mtu mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Msiba uko wapi?"

Nikageuka nyuma nikidhani labda kuna mtu ananifuata. Hakuna.

"Si nakuuliza wewe. Mtu hana mzigo, hana jembe, hana baiskeli, jua hili, kibegi mgongoni, anakwenda Ujiji kwa miguu. Nani kafariki?"

Sasa hapo nilikuwa na jibu moja tu la kweli, kwamba natembea tu, nimetoka stesheni kule Kigoma mjini saa nne asubuhi, nikifika Ujiji nitakunywa kahawa halafu nitageuza, sifuati kitu wala mtu. Natembea tu. Maneno mawili. Yakanikwama kooni. Nilimwangalia jasho lilivyomshuka mpaka kwenye shingo ya gauni, nikaangalia zile lita 20 pale chini, nikajisikia mjinga kiasi kwamba mdomo ukaamua wenyewe.

"Mjomba," nikasema.

"Oo, pole mwanangu. Pole sana. Alikuwa anaumwa?"

"Presha."

Presha ni yangu mimi. Nilimgawia mjomba ugonjwa wangu.

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu ya mia tano, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole kama mtoto anayetumwa dukani. "Mimi sitafika, nawahi soko la Mwanga na huu mzigo. Mpe mke wa mjomba, mwambie kuna mtu wa njiani kampa pole." Nikamtwika dumu, hilo angalau nililifanya, akashika njia yake na mimi yangu.

Sina mjomba Ujiji. Sina mjomba popote, upande wa mama kwetu wamezaliwa wanawake watupu.

Wiki sita ile sarafu imekaa kwenye kikombe cha kalamu mezani kwangu.

Ilivyoanza

Sitawachosha na habari ya hospitali. Mashine ilisoma 150 kwa 95, daktari akasema punguza chumvi na utembee, nikauliza kiasi gani, akasema nusu saa kwa siku inatosha. Ikawa nusu saa kweli kwa wiki mbili hivi. Halafu jumamosi moja nikapitiliza, nikajikuta Katonga naangalia watu wanaanua dagaa, miguu inauma na kichwa kimekaa kimya kuliko kilivyowahi kukaa tangu nianze kazi, na toka siku hiyo daktari akawa kisingizio tu.

Sasa hivi wikiendi nikipata upenyo naondoka. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, karanga, kofia, na kitambulisho cha NIDA, maana Kigoma yetu hii ukikutwa kwenye njia isiyo yako na sura isiyojulikana unaweza kuulizwa umetoka nchi gani, na lafudhi ya Kiha haikusaidii kitu, inakuongezea maswali. Kuna siku naelekea Bangwe, kuna siku nafuata ziwa kwenda Kibirizi, na mara moja moja nashuka bonde la Luiche nitembee juu ya tuta la mfereji katikati ya majaruba ya mpunga. Huko Luiche ndo napapenda kuliko kote. Tuta ni jembamba, inabidi uweke mguu mmoja mbele ya mwingine kama mtu anayepimwa ulevi, vyura wanaruka majini kila hatua, na ukikutana na mtu anayetoka shambani lazima mmoja ashuke kwenye tope. Nashuka mimi. Yeye ana kazi.

Tatizo liko hapohapo. Yeye ana kazi.

Bodaboda wa Mwanga wameshanijua. Mwanzoni walikuwa wanasimama. "Bro twende, buku tu." Natembea. "Haya lete jero." Hapana kaka, natembea tu. Siku moja mmoja akazima pikipiki kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama hela sina niseme tu, atanisogeza bure. Kwa kweli nilipanda. Nilimhurumia alivyokuwa ananihurumia.

Hakuna neno

Nimekaa na hili jambo wiki nyingi na nimegundua kwamba uongo wangu ulianzia kwenye lugha. Hebu jaribu. Unamwambiaje mtu kwamba unatumia miguu yako masaa manne kwenda mahali ambapo huna shida napo?

Kutembea? Kutembea ni kwenda kwa watu, nimekuja kutembea maana yake chemsha chai. Na ukiongeza "na" mbele yake ndo umeharibu kabisa, fulani anatembea na fulani, hapo mtu anafikiria gesti. Kuzurura ni kosa, na sheria ya uzururaji tuliyoachiwa na mkoloni imeshalaza watu wengi ndani kwa sababu tu walishindwa kueleza walikuwa wanafanya nini pale waliposimama. Kurandaranda ni mbwa. Kutanga ni kichaa, au mtu mwenye mapenzi yaliyomshinda. Kutalii ni mzungu. Siku hizi vijana wa Dar wanasema haikingi, wanakodi basi, wanavaa tisheti za rangi moja, wanapanda mlima, wanapiga picha na kuchoma mbuzi. Sina ugomvi nao, ila neno lao ukilileta Ujiji litakuhitaji ulielezee robo saa.

Limebaki "mazoezi". Hili linakubalika, lakini lina masharti, lazima iwe alfajiri au jioni, lazima uwe na trakisuti, na ikiwezekana uwe unahema. Ukitembea saa saba mchana umevaa shati la mikono mirefu na kofia ya mkeka halafu useme mazoezi, watu wanacheka.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliniambia wewe angalau unaulizwa nani kafa. Yeye alijaribu mara mbili kutembea peke yake kutoka Gungu mpaka mjini kwa kujifurahisha, mara zote mbili magari yalisimama, na waliosimama hawakumuuliza kuhusu msiba. Akaacha. Sikuwa na la kumjibu na mpaka leo sina.

Njia yenyewe

Halafu kuna suala la hii njia. Ninayoifurahia kwa miguu ni njia iliyochimbwa na miguu ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatembea tu.

Kila mtoto wa Ujiji anajua miembe. Ile mikubwa ya zamani iliyojipanga barabarani, wazee wanasema imeota kwenye makokwa waliyotupa watu wa misafara, watumwa waliofungwa shingo kwa shingo na wapagazi waliobeba pembe za ndovu kupitia Tabora mpaka Bagamoyo. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anabeba frasila mbili, kama kilo 32 hivi, miezi na miezi, na kwao kazi hiyo ilikuwa ya heshima, kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado hajakomaa. Wapagazi walikuwa na ujira, na walijua kuugomea ukipunguzwa. Yule wa kwenye mnyororo hakuwa na hata hilo. Wote njia moja, vumbi moja, kivuli kimoja.

Wazungu nao. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walifika Ujiji Februari 1858, mmoja miguu imekufa ganzi na mwenzake macho yamevimba haoni vizuri, fikiria mtu anatembea nusu ya bara kulifuata ziwa halafu analifikia haoni. Kwenye mnara pale makumbusho ya Ujiji wameandika tarehe 10 Novemba 1871, siku Stanley, mwandishi wa gazeti, alipomkuta mmisionari Livingstone chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa zamani, iliyopo inasemwa ni watoto wake. Kitu kinachonifurahisha mimi pale sio hao mabwana wawili, ni maji. Enzi hizo ziwa lilikuwa linafika karibu na pale, halafu kwenye miaka ya 1870 mto Lukuga kule ng'ambo, upande wa Kongo, ukafunguka ukayatoa maji na ziwa likashuka mita nyingi, kwahiyo leo ukitoka mwembeni kwenda ufukweni unatembea kabisa, unapita nyumba za watu. Unatembea juu ya ziwa la Livingstone. Na miaka hii ya karibuni maji yamerudi kupanda, njia yangu ya Kibirizi sehemu nyingine iko chini ya maji, kuna kuta za nyumba zimesimama ndani ya ziwa na watoto wanazitumia kurukia.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 misafara ya namna ile ikawa haina kazi tena. Sasa reli ya kisasa nayo inakuja, na mimi nimenunua raba nitembee.

Naandika hivi najicheka lakini kuna usiku haikuwa ya kuchekesha. Nilikuwa najiuliza hivi huu si ni ushamba wa mtu aliyeshiba, kuigiza kwa starehe kitu kilichowaua wengine? Yule mama hatembei kwa afya. Anatembea kwa sababu nauli ya bajaji na dumu lake itakula faida ya mawese. Mimi nina nauli mfukoni na naikataa, na nikiulizwa naona aibu, na nikiona aibu naua mjomba.

Mabua ya mtama

Kilichonibadilisha kidogo, kama kimenibadilisha, ni msiba mwingine. Wa kweli.

Livingstone alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, sasa hivi ni Zambia. Abdullah Susi na James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Karibu miezi tisa. Walipofika Kwihara hapo Tabora walikutana na Waingereza waliokuwa wanamtafuta Livingstone, na mkubwa wao, Cameron, akawashauri wamzike hapohapo yaishe. Wakakataa. Hayo shuleni nilisomeshwa. Ambacho sikusomeshwa ni kilichotokea mbele ya Tabora kidogo.

Kule watu walikataa maiti isipite kwenye ardhi yao. Basi jamaa wakafanya hivi: wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga vizuri kwa nguo kama mwili wa mtu, wakawatuma wenzao kadhaa wayabebe warudi nayo nyuma kwa huzuni zote, kila mtu aone kwamba msafara umeamua kuzikia Tabora. Wabebaji walipofika porini usiku wakayatawanya yale mabua wakakimbia kurudi kwa wenzao. Na maiti yenyewe ikafungwa upya ionekane robota la nguo za biashara, ikaendelea na safari kwenye bega kama mzigo wowote.

Nilisoma hiyo sehemu nikaweka simu chini.

Msiba wa uongo kwenye njia hii hii! Waliubeba kabisa, mabua ya mtama, nadhani na kulia walilia. Ila wao walidanganya ili msiba wa kweli upite. Walijua wanachobeba. Mimi mkononi sina hata bua moja na nikadanganya ili nionekane nimebeba kitu.

Siku ya Gombe

Katikati ya hizo wiki sita nilipata nafasi ya kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, na wageni wa ofisini, boti ya asubuhi kutoka Kibirizi. Nitaisema kwa kifupi kwa sababu wengi wenu mmeshafika, na kama hujafika na wewe ni wa Kigoma jitahidi, mtanzania analipa kidogo kuliko anavyodhani.

Tulipanda kufuata kijito cha Kakombe mpaka kwenye maporomoko. Njia ni mizizi na mawe yenye ute wa maji, msitu umefunga juu, na baridi yake ukitoka kwenye jua la ufukweni unaisikia mgongoni. Barakoa tunavaa tukiwakaribia sokwe kwa sababu mafua yetu yanawaua. Jike moja lilipita na mtoto amening'inia tumboni, likatuangalia mara moja tu, likaendelea.

Pale ndo nikashtuka kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nilikuwa nafanya kilekile ninachofanya kila jumamosi, naweka mguu mbele naangalia miti, ila sasa nina risiti. Risiti ndo msiba wangu wa pale. Na nikakumbuka habari tunayoipenda sana ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, kwamba alipokuja Julai 1960, binti wa miaka 26, wakubwa wa kikoloni walikataa akae msituni peke yake mpaka awe na mtu, akaja na mama yake mzazi. Kwahiyo hata yeye aliulizwa. Upo na nani, umekuja kufanya nini. Na miezi ya mwanzo, kabla sokwe hawajamzoea, kazi yake ilikuwa kupanda vilima na kukaa kuangalia, sijui waliokuwa wanamwona kutoka kwenye mitumbwi walikuwa wanamwitaje.

Mjomba anarudi

Jumamosi iliyopita nikatoa sarafu kwenye kikombe cha kalamu nikaondoka nayo. Saa ileile, njia ileile. Sikuwa na uhakika kama nitamwona, na nikiri kwamba nusu yangu iliomba nisimwone.

Nilimkuta chini ya michikichi anapumzika, dumu pembeni, anatafuna muhogo mbichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniangalia. "Wewe si wa msibani? Arobaini imeshafika?"

Akanihesabia kabisa. Nikakaa chini, maana habari kama hiyo huwezi kuisema umesimama, nikamwambia yote. Kwamba hakuna mjomba. Kwamba presha ni ya kwangu. Kwamba siku ile nilikuwa natembea tu na leo pia natembea tu, na niliona haya kumwambia vile alivyokuwa na mzigo. Nikamnyooshea mia tano yake.

Hakuipokea. Alitafuna muhogo mpaka ukaisha, akatema nyuzi pembeni.

"Hiyo nilishaitoa msibani, hairudi. Utampa mwenye msiba, hawakosekani." Halafu: "Kwahiyo huko unakoenda huna shida napo."

"Sina mama."

"Ukifika, usipofika, sawa."

"Sawa tu."

"Na ukigeuza hapa ukarudi Mwanga?"

"Pia sawa."

"Haya." Akasokota kile kipande cha kanga kikawa duara, akanivua kofia, akaniwekea ngata utosini. "Basi tembea na hili."

Lita 20 za mawese ni kama kilo 18, frasila moja na kidogo, nusu ya mzigo wa mpagazi. Naandika hivyo sasa nikiwa nimekaa. Pale nilichojua ni kwamba shingo imezama kwenye mabega, na macho hayawezi tena kuangalia chini kwa hiyo miguu inaitafuta njia yenyewe kwa kupapasa, na mafuta yanacheza ndani ya dumu, ukisimama ghafla yenyewe hayasimami. "Usikaze shingo," anasema nyuma yangu, "angalia mbali, angalia mbali." Nilitua mara nne kabla ya lami na mara mbili baada ya hapo. Hakunisaidia kulitua wala hakunicheka, alikuwa mbele yangu mikono mitupu, kibegi changu mgongoni mwake na kofia yangu kichwani, anasalimia watu. Miti aliipa majina njia nzima, huu wa dawa ya tumbo, huu nyuki wanaupenda, pale zamani palikuwa na chemchemi. Sijawahi kumwona mtu anatembea vizuri vile.

Bodaboda wa Mwanga waliniona. Walisimama wote.

Sokoni akanitua mwenyewe, akanipa maji ya kunywa kwenye kopo. Mwenzake wa meza ya jirani, anayeuza dagaa, akawa ananitazama nilivyoshika shingo kwa mikono miwili.

"Huyu kijana nani?"

"Huyu? Huyu ndo yule aliyemuua mjomba wake."

"Ee! Kisa?"

"Kutembea."